Joomla ni "jumla" yetu, lakini duka langu liko WordPress



Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza: "Nataka tovuti ya duka, nitumie WordPress, Joomla au Drupal?" Leo nalijibu kwa urefu ili nikiulizwa tena nikuelekeze hapa. Mimi si msomi wa kompyuta. Nimeishia kidato cha nne, nauza vipuri vya pikipiki hapa Mwanjelwa, na tovuti ya duka nimeijenga mwenyewe usiku kwa kuangalia YouTube. Huu ni mwaka wake wa nne na bado inatembea.

Msimamo wangu ni huu. Mifumo yote mitatu itakuonyeshea bidhaa vizuri tu, na yote ni ya bure. Kinachotofautisha ni nani ataipandisha toleo mwaka wa pili na wa tatu, wakati fundi aliyekujengea kahamia Dar na hapokei simu. Ukichagua mfumo bila kujibu hilo, ni kama kununua pikipiki ya kampuni ambayo vipuri vyake havipatikani Mbeya nzima. Itakuwa nzuri mpaka siku ya kwanza ya kuharibika.

Kuna watakaosema tovuti ya nini wakati Instagram na WhatsApp zipo. Sawa, mimi pia nauza huko, na wateja wangu wengi wanatokea huko. Ila tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja dunia nzima, karibu saa sita. Aliyekuwa na bidhaa zake huko tu, siku ile alikuwa amefungiwa duka na mtu asiyemjua. Halafu kuna suala la wingi wa bidhaa. Mimi nina vitu zaidi ya mia nne: sproketi, cheni, brek shuu, klachi, betri, taa, vyote kwa Boxer, TVS, Haojue na SanLG. Mtu wa Sumbawanga anayetafuta sproketi ya nyuma ya TVS hawezi kusogeza picha mia nne za Instagram. Kwenye tovuti anaandika jina, inatokea, anaona bei, ananipigia, jioni mzigo uko kwenye basi.

Sasa tuje kwenye mifumo yenyewe. Hii mitatu ni ya chanzo huria, maana yake aliyeiandika ameruhusu mtu yeyote aichukue, aitumie, aifungue ndani, aibadilishe, na hata agawe alichobadilisha. Kwenye programu hulipi kitu. Unacholipa ni domeini (lile jina la tovuti) na hostingi (sehemu ambayo tovuti inakaa). Uhuru huo una faida moja ambayo wengi hatuioni: mwenye programu akizingua, waliokuwa wanaijenga wanaweza kubeba kazi yao na kwenda kuanza upya.

Ndivyo Joomla ilivyozaliwa. Kulikuwa na mfumo unaitwa Mambo, ndiyo, Mambo, kama tunavyosalimiana kijiweni, na ulikuwa chini ya kampuni moja ya Australia. Mwaka 2005 waandishi wakuu wa ule mfumo hawakukubaliana na kampuni kuhusu nani awe na sauti. Wakaondoka, wakachukua programu kama leseni inavyoruhusu, wakaipa jina jipya. Jina walilolichagua ni neno letu "jumla", wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza: Joomla. Kwao lina maana ya wote kwa pamoja. Toleo la kwanza lilitoka Septemba 2005.

Mimi niliposoma hilo nilicheka kwa furaha, kwa sababu ubao wangu wa nje umeandikwa JUMLA NA REJAREJA. Mfumo unaoendesha tovuti nyingi duniani umebeba neno lililoko kwenye mbao za maduka ya Mwanjelwa, Miyomboni na Kariakoo, na wengi wetu hatujui. Lakini jina halipandishi toleo. Sikuuchagua, na nitaeleza kwa nini kwa kisa cha jamaa mmoja wa Iringa.

Jamaa huyu anauza vifaa vya umeme wa jua Iringa mjini. Ni rafiki wa binamu yangu, yule anayenipokelea mizigo kule. Mwaka 2019 fundi alimjengea tovuti kwa Joomla 3, nzuri kabisa, bidhaa kama sitini. Akalipa, fundi akaondoka, tovuti ikabaki kama ilivyo. Mwaka jana wateja wakaanza kumwambia kwamba wakibonyeza jina lake Google wanapelekwa kwenye mambo ya kubeti. Yeye akiingia kwenye kompyuta yake anaona duka lake liko sawa. Huo ni mchezo wa wadukuzi: mwenye tovuti haonyeshwi, anayetokea Google ndiye anapotoshwa. Kaja kujua wakati wanunuzi wa Mafinga na Makambako wameshaanza kusemezana kwamba kageuka tapeli.

Tatizo halikuwa Joomla, hili naomba lieleweke. Joomla 3 ilitangazwa mapema kwamba itafikia mwisho wake Agosti 2023, na baada ya hapo haitolewi tena marekebisho ya usalama. Njia ya kutoka ilikuwepo: unapanda kwanza mpaka 3.10, kutoka hapo unaingia 4, kutoka 4.4 unaingia 5. Oktoba 2025 imetoka na 6. Ngazi zimepangwa vizuri na zinapandika.

Kilichomkwamisha ni sura ya tovuti, ile themu. Fundi alitumia themu ambayo haikuwa na toleo la Joomla 4. Ukipandisha mfumo, sura inavunjika. Usipopandisha, mlango uko wazi. Na duka lenyewe lilikuwa limejengwa kwa kiongezo ambacho nacho kilikuwa toleo la zamani. Kwa hiyo kila alipomuuliza mtu, jibu lilikuwa "usiguse, itaharibika". Miaka minne ya "usiguse".

Aliniomba ushauri: apandishe au ahamie kwingine? Nikamwambia, bosi, una bidhaa sitini. Kuzihamisha kwa mkono ni siku tatu za kunakili na kubandika. Kumtafuta mtu hapa Nyanda za Juu Kusini anayeijua Joomla kwa ndani, akusafishie uchafu wa wadukuzi, akutafutie themu mpya, akupandishe ngazi mbili, ni kazi ya wiki kadhaa na bei yake hatuijui. Akajenga upya. Angekuwa na bidhaa elfu tatu, au tovuti ya lugha mbili yenye watumiaji wengi wa ngazi tofauti, ningemwambia abaki Joomla apande, kwa sababu vitu kama lugha nyingi na ruhusa za watumiaji Joomla inakuja navyo ndani, hutafuti kiongezo. Kwa chuo au chama cha ushirika ni mfumo mzuri. Kwa duka la sitini, hapana.

Drupal sitaizungumzia sana. Ni mfumo wa watu wakubwa, ulianza 2001, na una nguvu kweli. Lakini waliokuwa Drupal 7 walipofika mwisho tarehe 5 Januari 2025 hawakuwa na kitufe cha kupandisha, walitakiwa kuhamisha kila kitu kwenda muundo mpya. Pia nawakumbusha Oktoba 2014: lilipogundulika tundu moja kubwa, kikosi chao cha usalama chenyewe kilisema kama hukuziba ndani ya saa saba tangu tangazo, hesabu tovuti yako imeshaingiliwa. Saa saba! Ni muda wa basi kutoka hapa kwenda Iringa na bado unasubiri mzani. Kama huna mtu wa kompyuta anayelipwa mshahara, achana nayo.

Kwa hiyo nimebaki na WordPress, na juu yake nimeweka WooCommerce, ile sehemu ya duka. (Kwa faida ya wanaopenda vya kwetu: WooCommerce ilitoka 2011 kwenye WooThemes, kampuni iliyokuwa na ofisi Cape Town, hapo Afrika Kusini.) Sababu yangu ya kwanza si uzuri. Ni kwamba WordPress inaendesha tovuti zaidi ya nne katika kila kumi duniani, kwa hiyo nikikwama nikiandika tatizo langu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nakuta mtu alishakwama palepale na akajibiwa. Na nikitoka nje, kijana wa MUST hapa Iyunga au mwanachuo wa Iringa ameshaigusa. Hao ndiyo vipuri vinavyopatikana mjini.

Sababu ya pili, marekebisho madogo ya usalama yanajiweka yenyewe. WordPress inafanya hivyo tangu toleo 3.7 la mwaka 2013. Joomla nayo imeanza kuleta apdeti za kujiendesha, kuanzia 5.4, na nawapongeza, ila mimi duka langu lilikuwa limeshasimama.

Msije mkadhani nawapigia debe. Udhaifu wa WordPress ni plagini. Plagini si ile plagi ya pikipiki ninayouza mimi, ni kiprogramu cha kuongezea kazi: kimoja cha fomu, kingine cha picha, kingine cha sijui nini. Kila plagini ni mlango, na kila mlango una fundi wake ambaye anaweza kuchoka akaacha. Septemba 2020 plagini moja ya kupangia mafaili, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya laki saba, ilikutwa na tundu ambalo wadukuzi walikuwa wameshaanza kulitumia kabla rekebisho halijatoka. Wengi wa waliokuwa nayo naamini hata hawakuihitaji. Mimi nina plagini sita. Nikiona fundi anakuwekea thelathini kwa duka la viatu, najua anakufungia matatizo ya mwakani.

Na kuna ugonjwa wetu hapa ambao lazima niuseme hata kama mafundi watanuna. Ile "themu ya kulipia" unayowekewa bure kwa sababu fundi "anayo". Boss, mara nyingi ile imeibwa. Imefunguliwa kufuli, ikasambazwa kwenye magrupu ya Telegram, na aliyeifungua hakufanya kwa ajili ya Mungu, mara nyingi ameacha kamlango kake ndani. Hata kama hana nia mbaya, themu ya wizi haipokei apdeti kwa mwenyewe. Yaani umeanza safari na tairi lisilo na kiraka. Tumia themu ya bure iliyoko WordPress yenyewe, ile inayoitwa Storefront au hata zile zinazokuja na mfumo. Mteja wa sproketi hajali kivuli cha kitufe.

Kingine, mwaka 2024 kulikuwa na ugomvi mkubwa kati ya mwanzilishi mwenza wa WordPress, Matt Mullenweg, na kampuni ya hostingi ya WP Engine, mpaka Septemba ile wateja wa kampuni hiyo wakazuiwa kwa muda kupata apdeti. Watu wa kawaida kabisa, hawajui ugomvi, apdeti hakuna. Kwa hiyo hata mkubwa ana siku zake. Ila programu ni huria, na kisa cha Mambo na Joomla kinaonyesha njia ipo wakizidi. Kwa sasa sijaona sababu ya kuhama.

Sasa kupandisha toleo kwenyewe, maana hapa ndo watu wanaogopa.

Kwanza bando. Wengi hawabonyezi apdeti kwa sababu wanadhani itamaliza MB. Apdeti haishuki kwenye simu yako. Seva yako inaichukua kwenye seva ya WordPress, wewe unatazama tu mshale unavyozunguka. Bando la shilingi mia tano linatosha na linabaki. Mimi huwa nafanya kwa simu, Jumapili usiku, kwa sababu bodaboda wanaanza kuulizia vipuri Jumatatu alfajiri na nikiharibu nina usiku mzima wa kurekebisha.

Kabla ya kugusa chochote, bakapu. Sisi wa Mbeya hatuhitaji kufundishwa hili, soko la SIDO Mwanjelwa liliungua Agosti 2017 na tunawajua waliotoka na nguo walizovaa. Bakapu iliyoko kwenye hostingi ileile ni daftari la madeni uliloliacha ndani ya duka lilelile. Tumia plagini ya bakapu kama UpdraftPlus, iunganishe na Google Drive yako, itakuwa inapeleka yenyewe kila wiki, nayo ni seva kwa seva, bando lako halimo. Halafu mara moja moja jaribu kuirudisha. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa bado ni matumaini tu.

Kama apdeti ni ndogo, ile ya namba ya mwisho, naacha ijiweke. Kama ni kubwa, au WooCommerce imebadilika namba ya mbele, natengeneza nakala ya majaribio kwanza. Hostingi nyingi zenye cPanel zina Softaculous, humo kuna sehemu ya kunakili tovuti nzima. Napandisha kwenye nakala, natafuta bidhaa, naweka kwenye kikapu, naangalia kama bei ya jumla na ya rejareja zote zinakaa. Mara moja kwenye nakala bei za jumla zilipotea zote zikabaki za rejareja. Fikiria ingetokea kwenye duka lenyewe, mteja wangu wa Tunduma anayechukua cheni hamsini aone bei ya mtu wa cheni moja. Angehama bila hata kuniuliza. Nilisubiri wiki mbili plagini ile ikatoa toleo linaloendana, ndipo nikapandisha duka.

Naanza na plagini na themu, kisha WordPress, na mwisho PHP. PHP ni lugha ambayo mifumo yote hii mitatu imeandikwa nayo, nayo ina matoleo yake. Ile 7.4 iliyojaa kwenye hostingi zetu ilifika mwisho Novemba 2022. Ukiwa na plagini za zamani halafu hostingi ikakubadilishia PHP, unaamka ukurasa mweupe. Ukitokewa na hilo usipaniki: tangu toleo 5.2, plagini ikiangusha tovuti, WordPress inajaribu kumtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingia kwa dharura na kuizima hiyo plagini. Swali ni barua pepe hiyo ni ya nani. Kwa wengi wetu ni ya fundi. Kaangalie leo, ipo kwenye mipangilio ya jumla (jumla tena!).

Kuhusu malipo najua nitabishiwa. Mimi sijaweka malipo ya ndani ya tovuti. Mteja anabonyeza kitufe cha WhatsApp, tunaongea, analipa kwa Lipa Namba, natuma mzigo. Kitufe hicho si plagini, ni kiungo cha kawaida cha wa.me na namba yako, hakina cha kupandishwa toleo wala cha kuvunjika. Plagini za kuunganisha M-Pesa, Airtel Money na wengine zipo kupitia kampuni za malipo, na ukifika oda mia kwa siku utazihitaji. Lakini nazo ni za kuangaliwa kwa jicho la karibu kila apdeti, na kwa oda zetu za kumi na tano kwa siku sioni haja ya kujitwisha.

Faida nyingine ni kwamba tovuti yangu haihifadhi majina na namba za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na ukikusanya taarifa za watu una wajibu wa kuzilinda. Tovuti ya toleo lililokufa yenye namba mia tano za wateja si mali, ni mzigo.

Mafundi wanaosoma hapa watasema wateja hawataki kulipia matunzo. Ni kweli, tunapenda kulipa mara moja tukasahau. Ila na nyie mnatuuzia "tovuti laki nne" bila kutaja mwaka wa pili. Semeni bei ya kujenga, na bei ya kuitunza kila mwezi, mteja achague au ajifunze mwenyewe kama mimi.

Na kama unajengewa wiki hii, usimalizie salio kabla hujapata vitu hivi mkononi: domeini iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, paswedi ya cPanel, akaunti ya msimamizi wa WordPress yenye barua pepe yako, na bakapu moja ndani ya Google Drive yako. Halafu mwambie afanye apdeti moja mbele yako, huku umekaa naye, kwa kutumia simu yako. Akisema "hii usiguse, itaharibika", hapo salio libaki mfukoni mpaka airekebishe.